Kiwiko cha kulia kinaniuma kwa kusukuma chapati na kukuna nazi, nifanyeje?

MamaMahamri_Majengo aliuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu, na wengine nyote hamjambo.

Mimi ni mama wa miaka 43, napika kwa biashara hapa Majengo, Mombasa. Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni chapati, na nikipata oda ya harusi au hitima napika wali wa nazi na biriani. Kazi hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Tangu Ramadhani iishe kiwiko cha mkono wa kulia kinaniuma, upande wa nje, pale penye kifupa kilichotokeza. Mwanzo kilikuwa kikiuma usiku nikishamaliza kazi. Sasa kinauma nikiwa kazini kabisa, na maumivu yanateremka mpaka katikati ya kigasha. Nikiinua birika nimimine chai, mkono unaishiwa nguvu ghafla. Juzi almanusura nimuunguze mteja. Kukamua kitambaa cha kufutia meza siwezi. Kugeuza ufunguo mlangoni ni taabu. Lakini nikibeba kitu kiganja kikiwa kimetazama juu, siumwi sana, na hilo ndilo linalonishangaza. Hakijavimba, hakina joto, sikuanguka wala sikugongwa na kitu.

Nilienda zahanati wakanipa dawa za maumivu na kuniambia nipumzike kabisa mwezi mzima. Huo mwezi wanangu wale nini? Pahali pengine nikaambiwa nichomwe sindano papo hapo kwenye kiwiko. Jirani yangu naye ananihimiza nikaumikwe. Kila mmoja ana lake.

Naomba anayejua anieleze: hiki ni kitu gani hasa, ndiyo baridi yabisi? Na naweza kupona huku naendelea kupika? Nina presha na natumia dawa zake kila siku, nimetaja ili mjue.

BintiKibokoni alijibu:

Wa alaikum salaam. Pole sana mama yangu. Nyanya alikuwa akikandwa na mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu na alikuwa akipata nafuu. Nimemwita Fizio_Tudor aje asome, kwa sababu hii ndiyo kazi yake ya kila siku.

Fizio_Tudor alijibu:

Wa alaikum salaam dadangu, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na akina mama wapishi, mafundi na wasusi ndio ninaowaona zaidi kwa tatizo hili. Sijaushika mkono wako, kwa hivyo lazima mtu aupime ana kwa ana, lakini ulivyoeleza tu umeshanisogeza karibu sana na jibu.

Hii haifanani na baridi yabisi. Baridi yabisi hushika kiungo chenyewe, kikavimba na kukakamaa asubuhi, na mara nyingi hushika mikono yote miwili. Lako linaelekea kuwa kwenye kano, yaani zile kamba ngumu zinazoushikiza msuli kwenye mfupa. Misuli inayoinua kiganja na kunyoosha vidole imelala mgongoni mwa kigasha, na kano zake zinapanda kwenda kujishikiza pamoja kwenye kile kifupa cha nje ya kiwiko. Sasa sikiliza hapa: ukibana kitu chochote kwa nguvu, misuli hiyo hukaza hata kama hukukusudia kuinua kiganja, maana bila yenyewe kifundo cha mkono kingekunjika. Ukibana kifimbo cha kusukumia unaivuta. Ukishika kifuu kwenye mbuzi unaivuta. Ukiinua sufuria kiganja kikitazama chini unaivuta zaidi. Ukigeuza kiganja juu, mzigo unahamia kwenye misuli ya upande wa ndani, ndiyo maana ukawa huumwi. Hilo lililokushangaza ndilo lililonipa mimi jibu.

Ramadhani kazi yako iliongezeka bila kano kupata muda wa kuzoea. Kano haina damu nyingi kama msuli, hujijenga polepole. Ikivutwa leo na kesho kabla haijajitengeneza, nyuzi zake hupoteza mpangilio, mfano wa kamba ya jahazi inayochakaa pale pale inapofungwa. Watu wengi hudhani kuna uvimbe unaowaka ndani, wakameza dawa za kuuzima. Tatizo likishakaa miezi, kinachoonekana zaidi ni nyuzi zilizochakaa, na nyuzi hizo hazirudi kwa kumeza kidonge.

Madaktari wanaiita kiwiko cha tenisi, ila wengi wanaokipata hawajawahi kushika raketi. Daktari Mjerumani, Runge, aliyaandika maumivu ya aina hii mwaka 1873 akiwazungumzia watu wanaoandika sana. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 35 hadi 55, kwenye mkono wanaoutegemea.

Jipime hivi. Kaa, nyoosha mkono wa kulia juu ya meza kiganja kikitazama chini. Mtu akubonyeze mgongo wa kiganja, nawe ujaribu kukiinua dhidi yake. Ukiumwa pale pale kwenye kifupa, basi tunazungumzia kitu kimoja. Kwa kawaida hakuna haja ya eksirei mwanzoni, eksirei huonyesha mifupa.

Kuhusu kupumzika kabisa, hapo sikubaliani na uliyoambiwa. Kano isiyofanya kazi mwezi mzima inazidi kudhoofika, na siku ukirudi kwenye karai inaumwa upya. Inachohitaji ni kazi iliyopimwa. Uipunguzie ile inayoiumiza, na wakati huohuo uiongezee nguvu kidogo kidogo.

Tuanze na jikoni kwako, maana ndiko kano inakovutwa kila siku. Kukuna nazi kwenye mbuzi ningekwambia uache kwa sasa. Kongowea na hata madukani mitaani kuna mashine za kukuna, mpe mwenye mashine nazi zako wakati huu. Kukamua tui kwa kunyonga kitambaa pia mwachie mtu mwingine. Unga wa chapati uutie maji zaidi kuliko ulivyozoea, ukishaukanda uufunike upumzike nusu saa au zaidi. Unga uliopumzika unalainika na hurudi nyuma kidogo tu unapousukuma, kwa hivyo unabana kwa nguvu ndogo. Kisha sukuma kwa viganja vilivyokunjuliwa juu ya kifimbo, usikikamate kwa vidole. Kibao kiwe juu ya meza inayokufikia kiunoni, uweze kutumia uzito wa mwili na mabega. Anayesukuma akiwa amekaa kwenye kigoda anamaliza kazi yote kwa vifundo vya mikono. Sufuria na birika uinue kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimekunjwa karibu na mbavu. Na usisukume chapati zote kwa mfululizo: sukuma chache, geuza zilizo motoni kwa mkono wa kushoto, kata madonge, rudi kusukuma.

Halafu mazoezi. Watu huyapuuza kwa sababu yanaonekana madogo, nami naomba usiyapuuze.

Laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, mkono kuanzia kifundo ukiwa nje ya ukingo wa meza. Weka mkono wa kushoto juu ya wa kulia. Sukuma wa kulia juu, wa kushoto uuzuie, pasiwe na kinachosogea. Shikilia sekunde 30 mpaka 45, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara 5. Fanya kila siku. Wengine hupata nafuu kidogo papo hapo baada ya kubana hivyo, kwa hivyo unaweza kulifanya hata asubuhi kabla hujawasha jiko.

Maumivu yakitulia kiasi, chukua chupa ya maji ya nusu lita. Kaa vile vile. Kiinue kiganja kwa msaada wa mkono wa kushoto, kisha uache, mkono wa kulia uishushe chupa peke yake taratibu kwa sekunde 3 au 4. Kushusha polepole ndiko kunakoijenga kano. Mara 10 hadi 15, pumzika, mizunguko 3. Ikishakuwa nyepesi, ongeza uzito kidogo kidogo hadi chupa ya lita moja.

Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Tuseme 10 ni maumivu yasiyovumilika: ukiwa kwenye 3 au 4, na kesho yake asubuhi mkono haujazidi kuliko jana, endelea. Ukiamka umezidi, punguza uzito, usiache. Tarajia kuona tofauti kati ya wiki 6 na 12. Wengi sana hupona ndani ya mwaka mmoja, hata wale ambao hawakutibiwa kwa njia yoyote kubwa, kwa hivyo usikubali mtu akutishe kwamba mkono umekwisha.

Sindano. Ya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, hutuliza kweli, na kwa haraka, ndiyo sababu watu huipenda. Lakini kuna utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa 2013, uliofuatilia wagonjwa 165 wenye kiwiko hiki. Baada ya mwaka, waliochomwa steroidi waliopona au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 96. Na maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya waliochomwa steroidi, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Mimi siwapendekezei watu wa kazi za mikono waanze nayo. Ukiambiwa tena uchomwe, uliza ni dawa gani, na uwaambie unataka kuanza na mazoezi.

Kukandwa msuli wa kigasha kwa mafuta ya uvuguvugu ni sawa, BintiKibokoni, unalegeza. Asibonyeze tu kwa nguvu penye kile kifupa. Kuumikwa sikukatazi mtu, ila hakuijengi kano, na kama ni kwa kuchanjwa basi hakikisha wembe ni mpya, umefunguliwa mbele yako.

Kuna dalili ambazo ukiziona uache haya yote uende hospitali: kiwiko kuvimba chekundu chenye joto pamoja na homa, kiwiko kukataa kukunjuka, vidole kufa ganzi au mkono kupoteza nguvu hata usipoumwa, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Na kwa yeyote anayesoma: mkono unaouma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika, hiyo ni ya moyo, nenda wakati huohuo.

FundiNakshi_Kuzi alijibu:

Mama Mahamri mwanangu, pole. Mimi ni seremala wa milango ya nakshi, kazi nimeirithi kwa baba. Ugonjwa huu naujua, umeshika mafundi wengi hapa Mji wa Kale, na mimi mwenyewe umenipitia.

Hospitali moja walinichoma hiyo sindano. Nikapona, nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye patasi. Haikufika mvua za vuli maumivu yakanirudia makali kuliko mwanzo. Daktari hakunieleza kwamba maumivu yanaweza kurudi, na nilimuuliza wazi. Mtu anayeishi kwa mikono yake ana haki ya kuambiwa kabla ya kuchomwa.

Kilichonitoa ni mazoezi kama hayo ya bibi fizio, pamoja na kubadilisha vyombo. Mvule ni mti mgumu. Patasi ikiwa butu, unaibana na kuisukuma kwa nguvu mara mbili. Sasa nanoa mara kwa mara, hata kabla sijaona haja. Vipini vyangu vilikuwa vyembamba nikavizungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka vikajaa kiganja. Ukijaza kiganja, vidole havihitaji kubana sana. Parafujo sifungi tena kwa bisibisi ya mkono, natumia ya betri. Wewe nawe angalia mpini wa kisu chako cha kukatia nyama na vitunguu. Kisu butu kwenye nyama ya biriani kinafanya yale yale ya patasi.

Kuna na mkanda wa kiwiko, unauzwa kwenye maduka ya dawa. Wengi wanaufunga juu ya mfupa wenyewe, na hapo hausaidii. Mimi nilionyeshwa niufunge vidole viwili chini ya kiwiko, pale msuli wa kigasha uliponona, nikiukunja mkono. Naufunga nikiingia kazini, nikitoka nauvua.

MamaMahamri_Majengo alijibu:

Allah awalipe kheri nyote. Dada Fizio, nimejipima pale mezani, binti yangu akanibonyeza kiganja, nikapiga ukelele. Ni pale pale.

Nina maswali mawili. Dawa nilizopewa ni diklofenaki za kumeza, nami nina presha, niendelee nazo? La pili, nina oda ya harusi Kisauni, chapati na wali wa nazi. Niikatae? Amana ya pesa nishapokea na unga nishanunua.

Fizio_Tudor alijibu:

Dadangu, hilo la dawa ni muhimu kuliko la harusi, nalijibu kwanza. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na kuumiza tumbo na figo, hasa vikitumiwa mfululizo. Leo rudi kwa daktari au mfamasia ukiwa na dawa zako zote mkononi, za presha na hizi, umwonyeshe. Za presha usiziache. Muulize kuhusu jeli ya diklofenaki ya kupaka, maana inayoingia kwenye damu ni kidogo zaidi, au parasetamoli. Usichanganye vya kumeza na jeli kwa kuamua mwenyewe. Na nasisitiza, dawa inakupa nafasi ya kufanya mazoezi, haiwezi kuchukua mahali pa mazoezi.

Harusi usiikatae. Tafuta wasichana wawili, mmoja akande unga, mmoja asukume, nawe ubaki kwenye moto ukigeuza kwa mkono wa kushoto na kuonja chumvi. Ujuzi wako uko kwenye macho na ulimi, kusukuma anaweza yeyote aliyefunzwa. Nazi zikunwe kwa mashine asubuhi hiyo hiyo. Sufuria za wali zibebwe na wanaume. Malipo ya hao wasichana yahesabu ndani ya bei ya oda kuanzia sasa, usiwalipe kutoka kwenye faida yako. Unayemlipa ni mkono wako. Siku ya baada ya harusi fanya lile zoezi la kubana tu, chupa iache.

Na baada ya wiki sita hivi kama hakuna badiliko lolote, nenda uonwe ana kwa ana. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, pale Makadara, ina idara ya fiziotherapia. Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe wakuandikie barua ya rufaa.

Msusi_Bombolulu aliuliza:

Samahanini kwa kuingilia, Mama Mahamri na dada Fizio. Mimi ni msusi, nasuka rasta na mabutu mpaka usiku. Kiwiko changu kinauma upande wa ndani, na kidole kidogo pamoja na nusu ya kidole cha pete vinakufa ganzi, hasa nikilala. Nianze na mazoezi haya ya chupa?

Fizio_Tudor alijibu:

Usianze, mdogo wangu. Maumivu ya ndani ya kiwiko peke yake yangeweza kuwa ya kano za upande ule, zinazokunja kiganja. Ganzi ndiyo inayonipa wasiwasi, na vidole ulivyotaja vinaelekeza mahali. Kuna mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko kwa ndani, ule unaopiga shoti mpaka vidoleni ukijigonga. Huo ndio unaohisi kwa kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Kiwiko kikikunjwa kwa muda mrefu mshipa unanyooshwa na kubanwa, na msusi anakaa viwiko vimekunjwa kutwa nzima. Kisha ukilala unakunja mkono chini ya mto, simu ukiizungumzia umekunja, kiti cha saluni unaegemea kiwiko.

Anza na usiku. Zungushia taulo kiwiko, ifunge kwa kitambaa laini isikaze, mkono usiweze kukunjika sana ukiwa usingizini. Simu tumia spika. Usiegemee viwiko. Kazini nyanyua kiti cha mteja, au yeye akae chini wewe usimame, ili kiwiko kikunjuke zaidi ya kilivyo sasa, na kila ukimaliza safu kadhaa unyooshe mikono kabisa.

Halafu tazama mkono wako kwenye mwanga. Linganisha nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kulia na kushoto. Bana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada mtu aivute. Nyama ikiwa imebonyea upande mmoja, au karatasi ikakutoka kirahisi, au ganzi ikawa ya kutwa nzima na haikutoki, nenda hospitali wiki hii. Mshipa uliobanwa mpaka msuli ukaanza kukonda huenda usirudi wote hata ukifunguliwa. Kama hakuna hata moja katika hayo, fanya ya usiku na ya kazini kwa wiki chache uone, na uniandikie hapa hapa ganzi inavyokwenda.